Hija ya Maparasha na Mizani ya Maneno

Wahenga walisema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Hata hivyo, mila iliyopewa jina lisilo lake ni vigumu kuitunza, na kosa hilo hujitokeza mara nyingi ibada za jamii za Kenya zinapoandikwa kwa Kiswahili. Mfano mmoja unapatikana katika Kaunti ya Kajiado, kwenye vilima vya Maparasha.

Mnamo Septemba 2020, maelfu ya wanaume Wamaasai walikusanyika huko kwa sherehe ya Olng'esherr, ambayo huhitimisha umorani na kuwaingiza wahusika katika uzee. Mifugo huchinjwa, nyama huchomwa na kuliwa kwa pamoja. Wazee huwabariki vijana wao, na kila baraka inapotamkwa waliohudhuria huitikia kwa sauti moja, "Nai!" Olng'esherr, pamoja na Enkipaata na Eunoto, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2018 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Je, safari ya namna hiyo yafaa kuitwa hija? Neno hili lilikuja na Uislamu likimaanisha safari ya Makka, lakini matumizi yake yamepanuka hata likawahusu Wahindu waendao kuoga katika mto Ganges. Katika mahekalu yao, Wahindu huweka nazi, maua, matunda na maziwa mbele ya miungu, kisha chakula kilichotolewa hurudi kwa waumini kikiwa na baraka. Hapo Mmaasai angeona jambo analolijua: kilichotolewa huliwa na watu. Kwa hivyo, hija si neno geni mno. Kafara ndilo lisilofaa, kwani hubeba dhana ya kufidia kosa au kuondoa balaa. Tambiko nalo huelekezwa aghalabu kwa mizimu, ilhali dua za Wamaasai humwelekea Enkai. Neno linalokaribia zaidi ni sadaka.

Ugumu mkubwa umo katika jina la Enkai. Kwa Kimaasai, jina hilo hutaja Mungu, mbingu na mvua kwa pamoja, na kiambishi chake cha mwanzo ni cha jinsia ya kike. Kiswahili hakina jinsia ya aina hiyo, hivyo Enkai akiitwa Mungu, umama wake hupotea kimyakimya. Aidha, wapo waandishi wanaodai kuwa Wamaasai wana miungu wawili, Enkai Narok, aliye mweusi na mpole, na Enkai Nanyokie, aliye mwekundu na mwenye hasira. Kwa waumini wengi hao ni mmoja katika hali mbili, kama vile wapo Wahindu wanaofundisha kuwa Shiva, Ganesha na Lakshmi ni sura za Uungu mmoja.

Rangi nazo zina somo. Mwanafunzi aliyezoea kuhusisha weusi na uovu atapotoka asipokumbuka kuwa Kajiado ni nchi kavu. Wingu jeusi huleta nyasi na maziwa; anga jekundu ni dalili ya ukame, kama ule wa 2009 na wa 2022 uliofyeka mifugo. Ndiyo sababu nyasi mkononi ni ishara ya amani na dua, na maziwa hurushwa juu kuelekea mbinguni.

Basi kinachohatarishwa si maneno pekee. Tangu ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, ardhi imeuzwa vipande vipande, na ua baada ya ua umezuia njia za mifugo na za watu. Mti wa oreteti, ambao chini yake Wamaasai huomba, ukibaki ndani ya kiwanja cha mtu binafsi huwa mti tu mbele ya shoka. Mnunuzi hawezi kuheshimu asichokifahamu, na mara nyingi lugha inayomkutanisha na jirani yake Mmaasai ni Kiswahili.

Ni jukumu la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, basi, kuyapima maneno haya kabla ya kuyatia katika tafsiri na katika mikusanyo ya fasihi simulizi. Pale ambapo Kiswahili hakina neno linalotosha, si aibu kuazima: Enkai, oreteti na Olng'esherr yanaweza kukaa ndani ya Kiswahili kama yalivyokaa sadaka na hija.