Mamba ya Mjomba na Kilomita 71 kwa Saa

Leo nina namba moja tu: 71. Namba hiyo ilitokea kwenye kioo cha simu hapa Kakamega na nusura imnyime mjomba wangu unga.

Mjomba huyu ni ndugu ya mama, kwetu tunamwita khotsa. Ni mmoja wa wachache ambao bado wanabeba abiria kwa baiskeli. Boda boda ilianzia Busia, mpakani na Uganda, miaka ya 1960, nayo ilikuwa ya baiskeli. Ikaenea Magharibi yote. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na vijana karibu wote wakahamia kwenye injini. Yeye hakuhama. Ana Black Mamba ya inchi 28, ile nzito yenye breki za vyuma, na ana wateja wake wa miaka mingi. Mmoja ni mwalimu ambaye sote tunamwita Madam.

Jioni moja Madam alibebwa kwenye ule mteremko wa kushukia mto Yala, kati ya Sigalagala na Chavakali. Simu yake ina programu ya kupima matembezi ya mazoezi, na siku hiyo alisahau kuizima. Alipofika nyumbani programu ikamwambia: kasi ya juu kabisa, kilomita 71 kwa saa. Ikampongeza, tena kwa nyota!

Kesho yake alikwenda steji na simu mkononi. Mwenyekiti akaitazama, mjomba akaambiwa apumzike wiki mbili. Wiki mbili bila kubeba mtu, na shule zinafunguliwa, karo inadaiwa. Nilipomwuliza, "Khotsa, kwani ulikuwa unakimbia?" alinijibu, "Nilikuwa nateremka, mpwa wangu. Baiskeli ikiteremka inateremka." Jibu kama hilo halimsaidii mtu mbele ya kamati.

Nikamwomba Madam faili la safari ile. Yeye ni mtu wa haki: alinituma WhatsApp siku hiyo hiyo, na chini yake akaandika, "Mimi nafundisha hesabu. Ukileta hesabu nitakubali."

Haya basi, tuingie kwenye faili. Lilikuwa la aina ya GPX 1.1, na wanaoandika programu wanajua tatizo lake. GPX 1.0 ilikuwa na nafasi ya kuandika kasi kwenye kila nukta. Toleo la 1.1 liliiondoa. Kinachobaki ni mahali na saa. Kasi unaitafuta mwenyewe: umbali kati ya nukta mbili, gawanya kwa sekunde. Programu ya Madam ilikuwa imefanya hivyo hivyo, kisha ikachagua namba kubwa kuliko zote na kuiwekea nyota.

(Pembeni kidogo. Kakamega iko digrii 0.28 tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo hapa digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 110.6 na ya longitudo kama 111.3. Msanidi mvivu anayesahau kuzidisha kwa kosaini hapati adhabu hapa. Apeleke programu hiyo hiyo London, ambako digrii ya longitudo ni kama kilomita 69, ndipo atakapoona cha mtema kuni.)

Nikaichambua nukta kwa nukta, sekunde kwa sekunde. Karibu na kile kilele, umbali ulikuwa hivi: mita 11.6, mita 11.8, mita 19.7, mita 4.1, mita 11.9. Ile 19.7 ndiyo kilomita 71 kwa saa. Lakini tazama inayofuata! Ukiziamini nukta hizi, mjomba alikuwa kwenye 42, akaruka hadi 71 kwa sekunde moja, kisha akashuka hadi 15 kwa sekunde nyingine, halafu akarudi 43 kana kwamba hakuna kilichotokea. Madam angekuwa mtoni. Jumlisha 19.7 na 4.1, gawanya kwa mbili, unapata 11.9, sawasawa na majirani zake. Nukta moja ilitupwa mbele, basi.

Nilikwenda kuona mahali penyewe. Kuna mikaratusi mirefu upande mmoja, na upande wa pili ukingo wa udongo uliokatwa barabara ilipojengwa. Simu inasikiliza setilaiti zilizo juu ya kilomita 20,000, na sauti yao ikifika ni hafifu mno. Kwa kawaida makosa ya nukta mbili zinazofuatana hufanana, yote yamevutwa upande mmoja, kwa hiyo ukitoa moja kwa nyingine yanafutana. Balaa huja setilaiti moja inapojificha nyuma ya miti, au mawimbi yake yanapogonga ukingo kwanza ndipo yafike kwenye simu. Hapo hesabu inahama ghafla kwa mita kadhaa, na kwa programu inayogawanya umbali kwa sekunde moja, mita nane za uongo ni karibu kilomita 29 kwa saa za uongo.

Wanaojua jambo hili kuliko sisi ni wale wanaovutwa na upepo. Kuna mchezo wa kigari cha magurudumu matatu: unaketi chini karibu na mchanga, unakiongoza kwa miguu, mikono imeshika kishada kikubwa kinachokuvuta. Kwa kawaida hakina injini wala spidomita, kwa hiyo wengi hupima kwa GPS iliyo mfukoni. Kishada kikiyumba, mwili ukiinama juu ya kile kidude, nukta zinaruka kama zilivyoruka kwa Madam, na mtu anarudi nyumbani akijivunia kasi ambayo hakuifikia. (Hapa hatuna upepo wa hivyo. Ningekuwa nacho ningekipeleka Chalbi, kule Marsabit, ambako ziwa la kale lilikauka na ardhi ni tambarare kama meza.) Wenzao wa majini wana kanuni nzuri zaidi. Oktoba 2010, kule Lüderitz nchini Namibia, Mmarekani Rob Douglas, akiwa juu ya ubao unaovutwa na kishada, aliandikiwa mafundo 55.65, yaani kilomita 103 kwa saa. Hiyo haikuwa kilele cha sekunde moja. Ilikuwa wastani wa mita 500 nzima.

Nikaazima kanuni hiyo. Nikaandika programu ndogo inayopita kwenye faili lote ikitafuta mita 500 zilizopitwa kwa muda mfupi kuliko zote. Nukta moja ikirushwa mita nane mbele, ndani ya mita 500 kosa lake halifiki asilimia mbili. Jibu: sekunde 43. Kilomita 41.9 kwa saa.

Sikutaka kuamini programu yangu peke yake, nikachukua karatasi. Sehemu kali ya mteremko ule nimeikadiria kuwa inashuka mita 5 kwa kila mita 100. Hewa ya Kakamega, kwenye mita 1,500 na ushee juu ya bahari, ina uzito wa kama kilo 1 kwa mita ya ujazo. Mombasa ni karibu 1.2. Mjomba akiwa peke yake juu ya Mamba, jumla kilo 90, uzito unamvuta na upepo unamzuia hadi viwili hivyo vinalingana kwenye kilomita 37 au 38 kwa saa. Hapo haongezeki tena bila kukanyaga. Mpakie abiria, jumla kilo 160, na kikomo kinapanda hadi 46 au 47, maana uzito umekaribia kuongezeka maradufu ilhali sehemu inayopasua hewa imeongezeka kidogo tu. Kwa hiyo wanaosema baiskeli yenye mzigo inateremka kwa kasi zaidi hawakosei. Na ili afike 71 peke yake, bila kukanyaga, angehitaji mteremko wa mita 15 kwa kila mita 100. Barabara kuu ya namna hiyo hakuna hapa kwetu.

Siku ya kikao nilikwenda steji na karatasi mbili. Sikuwaeleza GPX wala kosaini. Niliwaambia hivi: kuruka kutoka 42 hadi 71 kwa sekunde moja ni karibu sawa na kitu kinachoanguka kutoka juu ya mti. Mteremko ule, hata ukipaka mafuta kila kitu, unaweza kukuongezea chini ya kilomita 2 kwa saa kila sekunde. Wakaelewa mara moja. Waendesha baiskeli wanajua mteremko kuliko mimi. Madam aliisoma karatasi yangu mstari kwa mstari, akaniazima kalamu nirekebishe kipimo nilichosahau kuandika, akasema, "Sabini na moja naifuta."

Mjomba akaanza kutabasamu.

"Lakini arobaini na mbili naiacha," Madam akaendelea. "Arobaini na mbili, na mimi nyuma, na breki zile."

Kimya. Kwa kweli nami nilikuwa nimeipiga hesabu hiyo usiku uliotangulia, nikaiweka kwenye karatasi ya pili. Breki za Mamba ni vyuma vinavyovuta mpira uguse rimu ya chuma. Ukipata breki ya wastani, kutoka 42 unahitaji zaidi ya mita 30 kusimama, na bado hujahesabu sekunde moja ya kushtuka ambayo ni karibu mita 12 nyingine. Mvua ikinyesha, na Kakamega mvua inanyesha karibu kila alasiri, rimu ikilowa sikuandika namba. Mwenyekiti akaomba kuiona baiskeli. Mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umekwisha kabisa.

Uamuzi ulikuwa huu: zile wiki mbili zimefutwa, lakini habebi mtu hadi mipira yote minne iwe mipya. Alinunua jioni hiyo. Alikaa siku tatu bila kuniongelesha vizuri, maana kwake mimi ndiye shahidi aliyemtoa jela na kumrudisha nusu njia.

Kwa wenzangu wanaoandika programu: msigawanye nukta. Kipokezi cha GPS kinaweza kupima kasi moja kwa moja, kwa badiliko la masafa ya mawimbi ya setilaiti, kama honi ya matatu inavyobadilika sauti inapokupita. Yale mawimbi ni ya megahezi 1575.42, na badiliko lake linakupa kasi bila kuuliza uko wapi hasa. Kwenye Android hiyo kasi mara nyingi ndiyo unayopewa na getSpeed(), na tangu Android 8 ya mwaka 2017 unaweza pia kuuliza kosa lake ni kiasi gani. Programu ya Madam haikuuliza lolote.

Mjomba yeye hataki setilaiti tena. Tumemfungia kile kidude cha sumaku: sumaku kwenye spoku, kihisio kwenye fremu, kinahesabu mizunguko. Ni lazima ukiambie mzingo wa gurudumu, na usikubali namba ya kwenye kijitabu. Tulipiga alama ya chaki kwenye tairi na sakafu, tukasukuma mzunguko mmoja. Mita 2.19 akiwa peke yake, mita 2.17 akiwa amenibeba, kwa sababu tairi linabonyea. Tuliandika 2.17. Kwenye kilomita 40 kwa saa gurudumu linazunguka mara tano kila sekunde, na sumaku haijali mikaratusi. Nilikwenda naye nikiwa na simu inayosoma kasi ya mawimbi, na kwenye mteremko wote vipimo viwili havikuachana zaidi ya kilomita moja kwa saa.

Kioo chake hakuking'ang'aniza kwenye usukani. Amekifunga chini ya kiti, kikiangalia nyuma, mahali abiria anapokiona na yeye hakioni. Madam humsomea namba kwa sauti njiani. Juzi kwenye Yala ilikuwa 29.