Vita vya Birikani

Bila shaka wengi wenu mmeliona birika la saruji lililomo katika chumba cha nyuma ya maabara yetu. Urefu wake ni mita 3, upana mita 2, na kina mita 1. Likijaa huchukua maji lita 6,000. Muhula huu nilipewa kazi ya kuwatunza sato wakaao humo, nami nataka kuwaeleza kosa nililolifanya, ili mwingine asilirudie.

Walikuwamo sato 6, wote wakubwa. Dume mmoja, tuliyempa jina la Jumbe, alikuwa amechimba shimo la mviringo katika mchanga, akiuchota kwa kinywa chake. Hapo palikuwa kwake. Kichwa na koo vilimwiva wekundu, na kila aliyekaribia alifukuzwa. Lakini walikwisha kuzoeana. Kila mmoja alijua mpaka wake.

Basi Jumamosi moja mvuvi alinipa sato mzima, nami nikamtia birikani pasipo kumwuliza Mwalimu. Niliona nafasi ni tele. Kumbe kila nafasi ilikuwa na mwenyewe! Jumbe alimjia kama mshale. Wakaumana vinywa, wakavutana kama watu washindanao kwa kamba. Mgeni akashindwa, akakimbilia kwa dume wa pili, naye akamfukuza vile vile. Jumapili nilimkuta amejibanza pembeni, mapezi yamechanika na magamba yamembanduka.

Niliogopa kusema. Nikamtoa Jumbe, nikamtia katika pipa, nikidhani amani itakuja. Hata haikufika jioni, dume wa pili alikuwa amelishika shimo la Jumbe, akawa mkali kuliko yeye. Jumatatu asubuhi mgeni alikuwa akielea, amekufa.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikaungama yote. Hakunikemea. Alisema tu, "Umemwondoa mkubwa, lakini ukubwa umeuacha palepale."

Alituagiza tuwatoe samaki wote. Tukausawazisha mchanga, tukahamisha mawe, tukaweka vyungu vilivyovunjika na vipande vya bomba pana, ili anayekimbia apate pa kujificha machoni mwa amfukuzaye. Kisha tukawarudisha pamoja, ila Jumbe alirudi mwisho, baada ya siku mbili. Hakulikuta shimo lake. Ilimbidi aanze upya kama wenziwe. Chakula nacho twakitupa pande mbili, mmoja asiweze kukilinda chote. Na mgeni akija hukaa kwanza katika pipa lake, tuone kama hana ugonjwa, kisha mawe huhamishwa tena ndipo atiwe. Bado madume hufukuzana, maana ndiyo tabia yao wakitaka kuzaa, lakini jeraha jipya sijaliona.

Mwalimu alitukumbusha kwamba sato mwenyewe ni mgeni katika Ziwa Victoria. Aliletwa katika miaka ya 1950, na ngege, mwenyeji wa zamani, leo ni adimu. Nami nikakumbuka usiku wangu wa kwanza bwenini, nilipokuja Kidato cha 1. Kila kitanda na kila pembe palikuwa na mwenyewe. Nilikalia sanduku langu hadi mkubwa mmoja aliposogeza lake, akaniambia, "Weka hapa, ndugu yangu."

Wageni wengine watakuja. Ndugu zangu, tusogeze masanduku.

Mwanafunzi, Kidato cha 3