M-Pesa Ilipofika Madizini

Mwanangu, nimesikia unataka kuanzisha kampuni ya programu za simu. Mimi sijaandika programu hata moja maishani mwangu, ila niliiona moja ikianza kutambaa mpaka ikasimama, nikiwa nyuma ya dirisha la kibanda cha vocha hapa Madizini, Turiani. Ilikuwa 2008. Waziri Mkuu Lowassa alikuwa amejiuzulu Februari ile kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na redioni hapakuwa na lingine. Chai ya rangi ilikuwa shilingi 100, chapati 100. Msimu wa miwa ukianza, harufu ya molasi ya kiwanda cha Mtibwa ilikulaki kabla hujashuka kwenye basi, na masizi ya miwa iliyochomwa yaliangukia nguo kambani, wanawake wakisonya. Wakata miwa walitoka mbali, na fedha za nyumbani walimkabidhi kondakta ndani ya bahasha, wakamwachia Mungu. Wajanja walinunua vocha kwangu, wakaikwangua, wakasoma tarakimu kwa sauti kwenye simu. Ndugu wa upande wa pili akaipeleka kwa mwenye duka, naye akamlipa pungufu. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki yetu.

Mwaka huohuo kampuni ya simu ya Vodacom ikaleta Tanzania M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, nami baadaye nikawa wakala. Watu waliitazama kwa jicho la pembeni. Nakumbuka mkata miwa mmoja wa Kigoma, viganja vyeusi vimepasuka, aliyenipa noti ya elfu kumi halafu akaketi kwenye benchi langu akigoma kuondoka. Mkewe alipopiga simu kusema ameishika mkononi, jamaa akacheka peke yake, akarudi jioni na wenzake. Hapo nikakutana na shida ambayo hakuna menyu ya simu inayoitibu. Siku ya mishahara wote walikuja kuweka: floti, yaani salio langu la wakala kwenye simu, ikaisha kabla ya adhuhuri, sanduku likajaa noti, nami nikalala jicho moja. Kiwanda kikifungwa na palizi kufika, mambo yaligeuka. Watoto walioko Dar es Salaam waliwatumia wazazi hela, wazazi wakaja kutoa, floti ikafurika na noti zikakosekana. Dawa ilikuwa basi la alfajiri mpaka benki Morogoro mjini, vumbi la barabara ya Magole likinijaa puani, na masika tukisukuma gari kwenye tope. Mteja anayeambiwa "rudi kesho" mara mbili harudi tena, hata kama mtambo hauna dosari.

Baadaye nilisoma walivyoijenga. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya simu ya Vodafone, kwa fedha ambazo serikali ya Uingereza ilichangia, waliifanyia majaribio Kenya 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja mia chache tu. Waliikusudia kwa marejesho ya mikopo midogo. Wateja wakaipindua: mfanyabiashara akalaza humo mauzo yake ya siku, msafiri akaweka hela huku akaitolea aendako, mwingine akamnunulia salio ndugu yake wa kijijini. Marejesho yenyewe yakawasumbua maofisa wa mikopo, maana vikundi vyao viliishi kwa kukutana. Wajenzi hawakung'ang'ania. Machi 2007 Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipoizindua, ilitangazwa kwa jambo moja: tuma pesa nyumbani. Ninyi vijana mnasifu mtambo. Mimi nasifu masikio yao. Na huku kwetu haikukimbia kama kule. Ilibidi mawakala waongezeke, wapatikane na wa jumla wa kutugawia floti karibu, ndipo watu wakaizoea. Kampuni nazo zilikuwa zimejifungia kila moja na wateja wake, ila kufikia 2016 mitandao mikubwa yote, Vodacom ikiwamo, ilikuwa imekubali kutumiana fedha moja kwa moja.

Kwa hiyo usinionyeshe tena michoro yako kwenye kompyuta, mwanangu. Kibanda sasa anakiendesha binti wa dada yako, na barabara ya Magole siku hizi ni lami. Kabla hujaajiri mwandishi wa pili wa programu, njoo ukae naye siku ya mishahara, uwasikilize wateja wanavyolalamika. Uje na daftari, na usiwakatize.