Gihosha: Miti Midogo Ukingoni mwa Korongo

Atokaye katikati ya mji wa Bujumbura kwa barabara kuu iliyoitwa zamani 28 Novemba, kwa kumbukumbu ya siku ilipotangazwa jamhuri mwaka 1966, huvuka daraja la mto Ntahangwa kabla ya kufika pande za Gihosha. Wakati wa kiangazi mto huo ni kijito chembamba kipitacho kati ya mawe, na mgeni aweza kujiuliza kwa nini korongo lake likawa pana na refu kiasi kile. Mwenyeji hajiulizi. Amekwisha kuyaona maji ya masika yakishuka kutoka milimani, mekundu kwa udongo, yakiumega ukingo: leo mgomba, kesho ukuta wa ua, keshokutwa chumba cha nyumba.

Gihosha imekaa kaskazini-mashariki, pale mji unapoiacha tambarare ya ziwa na kuanza kupanda. Zamani ilikuwa komini peke yake. Kwa mageuzi ya mwaka 2014 iliunganishwa na Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara na Buterere ikawa sehemu ya Komini ya Ntahangwa, na hivyo ikachukua jina la mto uleule unaoila ardhi yake. Kutoka sehemu zake za juu, siku isiyo na ukungu, jicho hulipita bati la nyumba za chini, likafika Ziwa Tanganyika na kuishia kwenye milima ya Kongo upande wa pili. Nyua zake nyingi zina miembe, miparachichi na maua ya kupamba lango. Watu wa huku hupenda mimea.

Ndiyo maana mtaa huu wafaa kuzaliwa chama cha walezi wa bonsai. Neno hilo ni la Kijapani, na maana yake ni kilichopandwa katika chungu kipana kisicho na kina. Wajapani nao waliipokea sanaa hiyo kutoka China. Wengi hudhani kuwa bonsai ni aina ya mti kibete, au mti unaonyimwa chakula ili udumae. Sivyo. Ni mti wa kawaida, uliolishwa vizuri, ambao matawi na mizizi yake hupunguzwa kwa utaratibu, mwaka baada ya mwaka, hata ukapata sura ya mti mkuu wa porini huku kimo chake hakizidi mkono wa mtu mzima.

Mtu wa Gihosha ana haki ya kupinga hapohapo. Je, si upuuzi kufuga miti midogo mahali ambapo ardhi inalia kwa kukosa miti mikubwa? Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua iliyoshuka kutoka milima hiyohiyo iliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Serikali ilizindua mwaka 2018 mpango wa kupanda miti nchi nzima uitwao Ewe Burundi Urambaye. Mbele ya mambo hayo chungu kimoja barazani ni kitu kidogo sana, na chama kisichoweza kujibu hoja hii ni afadhali kisianze.

Jibu lake limo katika mti wenyewe. Katika Burundi ya kale nyumba ya mfalme au ya mtawala ilizungushiwa boma la vigingi vya umuvumu, mti wa jamaa ya mkuyu ambao magome yake yalipigwa yakawa nguo. Mtawala alipohama, au alipofariki na boma likaachwa, vigingi havikuoza. Vilitoa mizizi, vikachipua, vikawa miti mikubwa. Mahali hapo huitwa ikigabiro, na hata leo mzee aweza kukionyesha kilima kwa mbali akakwambia ni boma la nani, kwa kuitazama miti tu. Basi mti uwezao kugeuka kutoka kigingi kikavu hadi jitu la kilimani ndio mti uliokubali kuliko yote kulelewa chunguni. Tawi nene kama kidole gumba, likikatwa mwanzoni mwa mvua na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu, hutoa mizizi katika muda wa majuma machache. Tawi la pili la mti huohuo lachomekwa ukingoni mwa korongo. Chama kikiweka sharti hilo, kwamba hapana chungu bila mwenzake ardhini, kitakuwa kimeijibu hoja kwa vitendo, na kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi zitapata mikono ijuayo kupanda.

Hatari halisi iko kwingine. Mwanafunzi wa bonsai ana tamaa, hataki kungoja. Akiona mche wa miaka kumi umejipinda kwenye mteremko, shina limenenepa kwa kupigana na mawe, huuona kuwa ni kazi iliyokwisha kufanywa nusu, akachukua jembe. Katika nchi nyingi walezi huichimbua miti ya namna hiyo kwa desturi. Kwenye kingo za Ntahangwa mche huo ndio ulioshika udongo wa ua wa jirani, na kuung'oa ni sawa na kuchomoa msumari katika daraja. Katika hifadhi kama Kibira na Rusizi jambo hilo halifikiriwi kabisa. Wanachama na waanze kwa vipande vya matawi na kwa mbegu, wakubali kungoja.

Vifaa havihitaji kuagizwa ng'ambo. Udongo mzito wa shambani hauwafai miti ya chunguni, kwa sababu hushika maji na kuozesha mizizi; lakini matofali ya kuchoma yapo kila mahali Burundi, na vipande vyake vikipondwa hadi ukubwa wa punje za mahindi, vikachujwa vumbi, vikachanganywa na mchanga wa mto na samadi kidogo iliyooza, hupatikana kitu kizuri. Waya wa kupindia matawi ni wa shaba au wa alumini, na Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi wa magari, si mahali pa kuukosa. Jambo moja lazima liangaliwe: umuvumu hunenepa upesi, na waya usiokaguliwa kila baada ya wiki mbili huzama katika gome ukaacha kovu la miaka. Utomvu mweupe utokao tawi likikatwa hufutwa kwa kitambaa, na watoto wakatazwe kuugusa na kujipangusa macho.

Kuhusu vyungu, Burundi ina wafinyanzi wa asili, Batwa, ambao kazi yao imebanwa sana na masufuria na ndoo za plastiki. Chungu cha bonsai ni kipana, kifupi, chenye matundu chini. Ni umbo geni, lakini si gumu kwa mikono iliyozoea. Chama kikiagiza vyungu ishirini na kuvilipa bei ya haki, kitakuwa kimefanya zaidi ya kujipambia baraza.

Afrika si ngeni katika sanaa hii. Charles Ceronio wa Pretoria, Afrika Kusini, aliwafundisha wenzake waache kuiga msonobari wa Japani na kuutazama mgunga wenye kilele bapa na mbuyu wenye shina kama pipa. Gihosha nayo haina sababu ya kuota theluji. Sura yake ni ile ya ikigabiro juu ya kilima.

Lakini yote haya mtu mmoja aweza kuyafanya nyumbani kwake. Chama ni cha nini basi? Familia ya askari inalijua jibu bila kuambiwa. Mti wa chunguni hauwezi kutafuta maji kwa mizizi mirefu. Katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, hutaka maji kila asubuhi, pengine na jioni, na siku tatu za kusahauliwa zatosha kuua kazi ya miaka kumi. Askari hupata uhamisho. Burundi ilipopeleka askari wake wa kwanza Somalia mwezi Desemba 2007, waliofuata zamu kwa zamu walikaa huko miezi mingi mbali na nyua zao. Na nchi hii imeona zaidi ya uhamisho: katika 1972, tena 1993, tena 2015, watu walizifunga nyumba wasijue watazifungua lini.

Mwaka 1976 Marekani ilipewa na Japani msonobari mdogo wa chunguni uliolelewa tangu mwaka 1625. Mtoaji, Masaru Yamaki, hakueleza sana. Ni mwaka 2001 tu, wajukuu wake walipofika Washington kuutazama, ndipo wenyeji walipoambiwa kuwa mti ule ulikuwa Hiroshima siku ya bomu, Agosti 1945, kilomita tatu hivi kutoka pale lilipolipukia, umekingwa na ukuta. Vizazi vitano vya jamaa moja vilikuwa vimeulea. Jamaa nyingi za Bujumbura hazikupata bahati ya kukaa mahali pamoja kwa vizazi vitano; mahali pa jamaa hiyo, hapana budi wawepo majirani.

Hivyo chama cha Gihosha kihitaji mambo mawili kabla ya mkasi. La kwanza ni kibali, maana vyama visivyotafuta faida husimamiwa na sheria ya Januari 2017, na kukutana bila kuwaarifu wakuu wa mtaa huleta maswali yasiyo ya lazima. La pili ni daftari. Upande mmoja huandikwa mti, mwenye mti, na tarehe tawi lilipochomekwa. Upande wa pili huandikwa jina la jirani atakayemwagilia maji mwenyewe akiwa hayupo, na la jirani wa pili, ikiwa yule wa kwanza naye ameondoka.