Mnara wa Lindo Mjini Cannes

Mji wa Cannes, ulio pwani ya kusini ya Ufaransa, hujulikana kwa matajiri wanaoota jua na kwa tamasha la sinema lililoanza mwaka 1946. Lakini atakaye kuijua asili ya mji huo hana budi kuipa bahari kisogo na kupanda kwa miguu kilima cha Suquet.

Nilipomtembelea binti yangu anayesoma nchini humo, tulianzia soko la Forville, penye samaki na maua, tukaufuata mtaa wa Saint-Antoine. Njia ni nyembamba na mwinuko wake ni mkali. Nyumba zimebanana, na zile zilizokaliwa na wavuvi zamani, nyingi sasa ni mikahawa.

Kileleni pana kanisa la Notre-Dame d'Espérance, na karibu nalo mnara wa mawe uliojengwa na watawa wa visiwa vya Lérins, waliotawala mji katika Zama za Kati. Kazi yake ilikuwa kuichunga bahari, maharamia wasije wakawakuta watu wamelala. Tulipanda vidato 109, tukaviona visiwa, bandari na milima ya Esterel.

Binti yangu akauliza: "Baba, siku ambazo maharamia hawakuja, mlinzi alifanya kazi gani?"

Swali lilinichoma, maana miaka mingi ya utumishi wangu nilisimama lindoni pasipo kutokea jambo. Nikamjibu: "Siku hizo, mwanangu, watu walivua, wakaoana, wakalea watoto. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya."

Kisha nikamkumbusha habari ya Lord Brougham, kiongozi maarufu wa Uingereza. Mwaka 1834 alikuwa safarini kwenda Italia. Kwenye mto Var, uliokuwa mpaka wa Ufalme wa Sardinia, alizuiwa kwa sababu ya kipindupindu. Cheo chake hakikumfaa. Akarudi nyuma, akalala Cannes, kijiji cha wavuvi wakati huo. Akakipenda, akajenga nyumba, na matajiri wenzake wakamfuata. Basi mji huu wa starehe ulianza kusitawi kwa kuwa mpakani amri ilishikwa.

Enyi jamaa za askari, baba au mama akirejea alfajiri kutoka lindoni na kusema hapakutokea kitu, msimdharau. Mwandalieni uji wa moto. Amewaletea habari njema kupita zote.