Mpita Njia

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mtu aonaye jambo lisilo lake, wala maneno hayo hayalingani. Mtazamaji ana kiishio cha -ji, kama mwimbaji na mchezaji. Kutazama ni desturi yake, na uwanjani hulipa kiingilio. Shahidi, tuliyempata kwa Waarabu, ameona na anadaiwa kusema. Mpita njia hana -ji, wala hasimami bila ya yambwa yake: ukiiondoa njia, "mpita" hakukamiliki. Jina lake hutaja barabara, halitaji lililotukia barabarani.

Masasi, kwa hakika, ni mji wa wapita njia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watumwa waliokombolewa, nia yao kufika upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakapendelea kubaki, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni waliposhambulia, waliwakuta wenye mji, si wasafiri.

Nasema hayo kwa sababu ya jambo nililoliona katika barabara itokayo Masasi na kupanda uwanda wa juu wa Makonde kwenda Newala. Gari la mizigo lilikuwa limemgonga kijana wa pikipiki, likaenda zake. Basi letu liliposimama tulikuta watu wapatao 20. Walikwisha kumfunga paja lililovunjika kwa khanga na vijiti, wakamweka kivulini chini ya mkorosho, wakamnywesha maji. Na maji huko Newala hayamwagwi ovyo. Huruma haikuwapungukia. Lakini askari alipouliza nani aliyeiona namba ya gari, kila mmoja alijibu, "Mimi mpita njia tu."

Kineno hicho "tu" ndicho kilichobeba mzigo wote. Sikuthubutu kuwalaumu, maana shahidi huweza kuitwa mahakamani mara tatu au nne, na msimu wa korosho haumngoji mtu. Hata hivyo, bila ya namba hiyo kijana angemdai nani gharama za mguu wake?

Bibi mmoja mwenye ndoo kichwani akawauliza, "Wajukuu zangu, miguu yenu ilikuwa ikipita. Macho nayo yalikuwa yakipita?"

Kimya kikawa kirefu. Kisha mmoja akataja tarakimu mbili, mwingine rangi ya turubai. Askari akaandika majina yao chini ya neno "mashahidi". Yule wa kwanza akachungulia daftari, akaomba kwa adabu aandikwe mpita njia.