Mwenye Nyumba ya Wageni



Wiki hii alitujia binti mmoja wa parokia yetu, muuguzi aliyehitimu karibuni. Ameitwa kufanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, naye akatuuliza: "Baba, niende?" Hatukumjibu palepale.

Tulimwomba kwanza asome tena Injili ya Luka, sura ya 10. Sote humsifu Msamaria, na ni haki. Lakini Msamaria alikaa usiku mmoja, akatoa dinari mbili, akaendelea na safari yake. Aliyebaki na majeruhi ni mwenye nyumba ya wageni, ambaye katika mahubiri yetu ni nadra kutajwa. Kazi aliyoitiwa binti huyu ni ya huyo wa pili.

Nyanda zetu za Juu zina sababu ya kuwahitaji watu kama hao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima katika mkoa wa Mbeya, na vivyo hivyo Iringa (ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Njombe), walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mabibi na mababu walizika watoto wao, wakalea wajukuu kwa jembe la mkono. Leo wajukuu wengi wako mijini. Bibi amebaki kitandani, na baridi ya mwezi Juni haimhurumii.

Basi binti na ajipime. Hospitalini mgonjwa hupona au hufariki, na kitanda hupata mwingine. Huku atamgeuza mzee yuleyule kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia, na kesho vivyo hivyo, na mwaka ujao. Atamwogesha mtu wa rika la babu yake, ambaye pengine aibu humwelemea kuliko maumivu. Hana budi kuanza kwa "Kamwene" na kuomba ruhusa, hata kama mzee hasikii vema. Tena aulize mapema, bila kuona haya, zamu za usiku ni ngapi na wenzake ni wangapi. Mwenye nyumba ya wageni naye aliahidiwa kurudishiwa gharama zake.

Sisi mapadre tusijivune. Tunafika na Mpako Mtakatifu, robo saa, tunaondoka. Wakati mmoja tulimpaka mzee mafuta tukasahau hata kumuuliza kama ana kiu; muuguzi ndiye aliyemnywesha, nasi tukikunja stola.

Jumatano binti alirudi. Ataenda kwa mwaka mmoja, kisha atatafakari upya. Tumekubaliana kuwapelekea Komunyo Takatifu, yeye na wazee wake, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na tutakaa nao mpaka chai iishe.